Vya Kale Nyumbani: Kofia ya Mjerumani Yenye Mwiba

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungemalizia habari za saa za mfukoni. Niwieni radhi nikiiahirisha ahadi hiyo kwa juma moja, kwa kuwa imenifikia barua isiyo na subira. Aliyeiandika alikuwa amebakiwa na siku nne tu.

Mwandishi wa barua ni sajini mstaafu wa polisi, mkazi wa upande wa Masaka. Ameitumikia serikali kwa miaka thelathini na mmoja, amepokea kiinua mgongo chake, na nyumba anayojijengea imefika kwenye lenta. Fedha iliyosalia ni ya mabati na milango. Katikati ya hesabu hizo akatokea mfanyabiashara wa vitu vya kale na kofia ya vita ya Kijerumani, ile nyeusi ya ngozi yenye mwiba utosini. Akasema bei yake ni shilingi milioni nne, na kwamba watalii huko Kampala wataigombea kwa mara mbili ya bei hiyo. Mzee wetu akatoa arubuni ya laki nane na kuachiwa kofia aitazame. Salio lilitakiwa Jumamosi. "Mwalimu," aliniandikia, "mimi nimekamata wezi wa kila namna, lakini kofia sijapata kuikamata. Njoo uniambie kama hii ni ya kweli."

Nilifika kwake Ijumaa mchana. Kofia ilikuwa juu ya meza, na kando yake mama mwenye nyumba alikuwa ameweka kopo la rangi ya viatu, chupa ya Brasso na kitambaa safi. Alitaka kuing'arisha kidogo ili mgeni aione ikiwa na heshima yake. Nilimsihi aviondoe vyote. Najua kwamba katika nyumba za askari kitu kisichong'aa ni aibu, na mazoea hayo yamefanya gwaride zetu zipendeze. Lakini kitu cha kale kikisha kusuguliwa kimefutiwa ushahidi wake. Uchafu ulioingia kwenye mikunjo ya shaba, weusi wa jasho katika bitana, nyufa ndogo za vanishi: hivyo ndivyo vinavyosema umri, na havirudi tena vikiondolewa.

Baada ya chai nilimwomba mzee anipe hadithi ya kofia kama alivyopewa, nami nikaiandika neno kwa neno, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiandika maelezo ya mashahidi pale kituoni. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Babu wa mwenye kofia alikuwa askari wa KAR. Mwaka 1915 alikwenda na Waingereza kuishambulia Bukoba, na huko akaivua kofia hii kichwani mwa ofisa wa Kijerumani aliyeuawa. Tangu hapo imekaa sandukuni mwa ukoo.

Hadithi hii si ya kupuuzwa. Bukoba ilishambuliwa kweli tarehe 22 na 23 Juni 1915. Majeshi ya Uingereza, na KAR ndani yake, yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakauharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, na mji ukaporwa kabla ya majeshi hayo kurudi yalikotoka. Mambo mengi yalitoka Bukoba siku zile ndani ya mifuko ya watu. Kwa hiyo aliyeitunga hadithi hii, kama ilitungwa, alichagua mahali pazuri.

Lakini hapo pana tatizo. Katika Afrika ya Mashariki Wajerumani hawakupigana wakiwa wamevaa kofia za mwiba. Askari wao Waafrika walivaa tarbushi ya rangi ya kaki yenye tai wa chuma mbele na kitambaa cha kufunika shingo. Maofisa wao walivaa helmeti nyepesi ya nchi za joto, au kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Kofia ya ngozi yenye mwiba ilikuwa ya Ulaya, kwenye baridi. Ikiwa kweli mojawapo ilipatikana Bukoba, basi yamkini ilitoka katika sanduku la ofisa aliyekuja nayo kwa ajili ya sherehe, si kichwani mwake vitani. Na kofia ya namna hiyo ingekuwa kofia ya ofisa, ya fahari, iliyotengenezwa kabla ya vita.

Basi kabla ya kuigusa nilikwisha kujua ninachokitafuta. Wasomaji wetu polisi watanielewa: maelezo ya shahidi husomwa kwanza, ndipo mtu huenda mahali pa tukio kuona kama vitu vilivyopo vinakubaliana nayo.

Yafaa tukumbushane kofia hii ni kitu gani. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia aliwapa askari wake mwaka 1842. Ilikuwa ndefu mno mwanzoni, ikapunguzwa kimo mara kwa mara. Umbo ambalo wengi wetu tumeliona katika picha ni lile la mwaka 1895: ngozi ngumu iliyopakwa vanishi nyeusi, ukingo mbele na nyuma, bamba la shaba ya manjano kwenye paji, na mwiba wa shaba ambao shingo yake ina vitundu vya kupitisha hewa. Mizinga hawakuwa na mwiba, walikuwa na tufe. Bavaria, iliyokuwa na mfalme wake na kiburi chake, haikuikubali kofia hii mpaka mwaka 1886. Vita vilipoanza mwaka 1914 ngozi ikawa haba, kofia nyingine zikatengenezwa kwa sufu iliyoshindiliwa au kwa bati. Katikati ya mwaka 1915 kukatolewa namna mpya: vyuma vyake si shaba tena bali chuma cha rangi ya kijivu, na mwiba wake waweza kuchomolewa, maana uliwafichua askari mahandakini. Mwaka 1916 kofia ya chuma ikaanza kuchukua nafasi yake, na hadithi ikaisha.

Kuisha kwake ndiko kulikofungua biashara. Askari wa Ufaransa, Uingereza na Marekani walizibeba kwenda kwao kama kumbukumbu. Mwaka 1919, mjini New York, Wamarekani walijenga piramidi ya kofia za namna hii zaidi ya elfu kumi ili kuwahimiza watu wanunue hati za mkopo wa serikali. Nyingi zipo, lakini wazitakao ni wengi zaidi; kofia nzuri ya askari wa kawaida hufikia mamia kadhaa ya dola huko Ulaya na Marekani, na ya ofisa huvuka elfu moja kwa urahisi. Ndiyo sababu zatengenezwa mpya. India hutengeneza kofia hizi kwa ajili ya sinema na maonyesho, na huziuza kwa jina lake halisi pasipo kumdanganya mtu. Udanganyifu huanza pale mtu mwingine anapoibandua karatasi ya kiwanda, akaipaka kofia chai na kuiweka jikoni miezi mitatu.

Vifaa vyangu vilikuwa tochi, kioo cha kukuzia maandishi, sumaku niliyoitoa katika spika ya redio mbovu, na ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagulia noti. Sikuhitaji kingine.

Nilianza na ngozi, kwa kuwa ngozi ni vigumu kuifundisha uongo. Ngozi ya miaka mia hujikunja na kusinyaa. Matundu ya mshono huvutika, na vanishi hupasuka nyufa nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Ngozi iliyozeeshwa kwa hila huwa na weusi wa namna moja kila mahali, hata pale ambapo mkono wala jasho havifiki. Hii ya mzee wetu ilikuwa na nyufa zake halali. Bitana ilikuwa ya ndimi za ngozi zinazokazwa kwa uzi, nyeusi kabisa sehemu ya paji na nyepesi sehemu ya kisogo, kama inavyotakiwa kwa kofia iliyovaliwa na mtu mwenye jasho. Nilipofunga dirisha na kuwasha taa ya zambarau, mshono wa ukingo ulibaki kimya. Nyuzi nyingi za siku hizi hung'aa chini ya taa hiyo. Uzi wa kitani wa zamani haung'ai. Nilimwona mzee akitabasamu.

"Ni ya kweli, mwalimu?"

"Ngozi ni ya kweli, mzee. Nipe nafasi kidogo."

Tatizo la kwanza lilikuwa hiyo bitana yenyewe. Ndimi za ngozi ni za askari wa kawaida. Ofisa alivaa bitana ya hariri na ukanda laini wa ngozi kichwani. Kadhalika, kitako cha mwiba wa ofisa hushikwa kwa njumu zenye umbo la nyota, na ukanda wake wa kidevuni ni magamba ya shaba. Hapa njumu zilikuwa duara tupu, na ukanda ulikuwa wa ngozi.

Kisha nikaisogeza sumaku kwenye mwiba. Ikanata! Shaba haishiki sumaku. Nikaukwangua uchafu kidogo kwa ukucha nikaona rangi ya kijivu. Nikaushika mwiba nikauzungusha robo mzunguko, ukatoka mkononi mwangu. Mama mwenye nyumba aliguna akidhani nimeuvunja. Nikaigeuza kofia na kuimulika upande wa kisogo, chini ya ukingo, mahali ambapo jeshi lilipiga mihuri yake katika ngozi. Alama za bohari zilikuwa zimefifia, lakini mwaka ulisomeka: 1915.

Nilimpa mzee kioo asome mwenyewe. Alisoma, akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo lilinionyesha kwamba serikali haikupoteza mishahara yake bure. "Hii namna ya kuchomoa mwiba, ulisema ilianza lini?" Nikamjibu: katikati ya mwaka 1915, karibu wakati uleule ambapo Bukoba ilikuwa ikiporwa. Akaendelea: "Na ilichukua siku ngapi kuja huku kutoka Ulaya?"

Ndipo penyewe. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Katika vita vyote ni meli mbili tu za Kijerumani zilizoweza kupenya na kuleta silaha katika pwani hii: Rubens mwezi Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi mwezi Machi 1916. Ya kwanza ilikuja kabla kofia ya namna hii haijakuwapo. Ya pili ilikuja karibu miezi tisa baada ya Bukoba kuporwa. Kofia iliyo mezani haikuweza kuwa kichwani mwa mtu yeyote pale Bukoba siku ile, awe hai au maiti.

Nilidhani tumemaliza, lakini bamba la mbele lilikuwa likinisumbua. Lilikuwa tai wa Prussia, mwenye taji lililotobolewa katikati ya matao yake, na lilimeta kama dhahabu. Taji lililotobolewa ni la bamba la ofisa. Tena, kofia ya 1915 ingepaswa kuwa na bamba la kijivu, lifanane na mwiba. Nililiangalia kwa kioo. Bamba la asili lilipigwa kwa kalibu kutoka katika bati jembamba, na kwa hiyo mgongo wake huwa na shimo pale mbele penye kinundu, na manyoya ya tai huwa makali hata ukayapitishia kidole. Hili manyoya yake yalikuwa butu, kama sabuni iliyotumika. Tulipolitoa, mgongo wake ulikuwa bapa wenye chembechembe, dalili ya kitu kilichomiminwa kikiwa cha moto katika mchanga. Lilishikwa kwa skurubu mbili zenye alama ya msalaba kichwani. Skurubu za namna hiyo zilianza kuenea miaka ya 1930. Na nyuma ya bamba, katika ngozi, palikuwa na matundu manne: mawili ya skurubu hizo, na mawili mengine ya zamani, yamezibwa kwa nta nyeusi.

Matundu yaliyozidi, wasomaji wangu, yanazungumza kuliko kitu kingine chochote katika kofia hizi. Kila bamba lilikuwa na vishikizo viwili nyuma yake, na umbali kati yake haukuwa mmoja kwa nchi zote za Ujerumani. Bamba likibadilishwa, yule anayebadilisha hulazimika kutoboa upya. Hata ukikosa sumaku na taa, omba bamba litolewe uhesabu matundu. Muuzaji akikataa kulitoa, nawe kataa kuutoa mkoba.

Nikamalizia na viduara vya bati vilivyo chini ya ukanda, kushoto na kulia. Tangu mwaka 1897 cha kulia kilikuwa na rangi za dola nzima ya Ujerumani, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Cha kushoto kilikuwa na rangi za nchi aliyotoka askari. Chini ya tai wa Prussia tungetarajia nyeusi na nyeupe. Tulichokiona ni nyeupe na buluu, yaani Bavaria. Basi yaelekea kofia hii ilikuwa ya askari wa kawaida wa Bavaria, aliyepigana mahali fulani Ulaya; simba wa Bavaria wakang'olewa, labda wakauzwa peke yao, na tai wa kumimina akawekwa ili apendeze. Robo tatu ya kofia ni ya kweli. Thamani yake ipo, ila ni sehemu ndogo ya ile milioni nne, na haina uhusiano wowote na babu wa mtu yeyote wa KAR.

Niseme pia, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi, kwamba si kila kofia yenye mwiba iliyomo katika masanduku yetu ni ya Mjerumani. Maofisa wa wilaya wa Kiingereza walivaa siku za sherehe helmeti nyeupe yenye mwiba wa rangi ya dhahabu. Ukiinua kofia ukaona ni nyeupe, nyepesi, na ndani yake ni kizibo, umeshika kofia ya bwana shauri, nayo ni kumbukumbu ya kweli ya nchi hii kuliko nyingi zinazouzwa kwa jina la Kaiser. Usimruhusu mtu aipake rangi nyeusi.

Nililala pale, kwa kuwa mzee aliniomba niwepo Jumamosi. Mfanyabiashara alikuja saa nne. Mzee alikuwa amemwalika mwenyekiti wa kijiji na majirani wawili, akawaketisha barazani kana kwamba ni mazungumzo ya posa. Hakumwita mtu mwizi. Alimwomba mgeni aeleze upya hadithi ya kofia mbele ya wote, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akauchomoa mwiba na kuuweka mezani, akamkabidhi kioo, na kumwomba asome mwaka ule kwa sauti.

Kijana yule aliusoma. Nasema kijana, maana hakuzidi miaka ishirini na mitano, na nilipomtazama sikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyeyaziba matundu kwa nta. Alisema aliinunua mjini kutoka kwa mtu aliyemwambia habari za Bukoba, na kwamba yeye mwenyewe ametoa milioni moja na nusu. Huenda ni kweli. Kofia za namna hii hupitia mikono mingi, na kila mkono huongeza babu mmoja. Arubuni haikuwa kamili tena. Alikuwa amebakiwa na laki tano, akazihesabu mezani. Laki tatu zilizobaki aliziandikia hati ya deni mbele ya mwenyekiti, akatia sahihi na dole gumba. Akaifunga kofia ndani ya mfuko wa mchele akaondoka nayo. Nilimfuata mpaka njiani nikamshauri aipeleke Jumba la Makumbusho la Kampala waione, na kwamba akiiuza kama kofia ya mpiganaji wa Bavaria yenye bamba lisilo lake, atampata mnunuzi na hatakuwa na hofu ya kurudi kijiji chochote. Aliniitikia. Kama amefanya hivyo sijui.

Mzee alinisindikiza hadi kituo cha basi. Njiani aliniambia kwamba baba yake mwenyewe alikuwa KAR katika vita vya pili, na kwamba nishani yake ipo, imefungwa katika kitambaa, ila hakuna aliyewahi kuja kuitaka bei. Nilimwomba aigeuze atazame ukingoni. Nishani nyingi za Kiingereza huchongwa hapo namba na jina la mwenyewe. Nyingine za vita vile zilitolewa tupu, bila jina. Akasema ataitazama jioni, na kwamba mkewe hajapata kuitia Brasso.

Juma lijalo tutarudi kwenye saa za mfukoni, na hasa zile ambazo mlinzi mmoja wa Jinja ameniuliza: kwa nini saa ya fedha huwa nyeusi hata ikiwekwa kabatini.